Silaha za D za Eldar hazirushi miali

Ukidhani D-cannon, mzinga wa Eldar (jamii ya viumbe wa anga za mbali), ni leza au plazma, hapana. Silaha za D za Eldar kwenye Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani, hazirushi kitu: zinapasua ukuta kati ya ulimwengu huu na Warp, ulimwengu wa pili wa nguvu za kiroho, pale pale alipo adui, halafu ufa unajifunga. Ndiyo maana deraya nene haifui dafu. Hakuna risasi ya kuzuia. Nusu ya kifaru inabaki huku, nusu imeshavutwa upande wa pili. Na Wraithguard, askari wa kutengenezwa anayebeba Wraithcannon (silaha ya D ya mkononi), anaendeshwa na roho ya Eldar aliyekufa, jambo linalonigusa kila ninapomweka mezani.

Nimecheza sana na kodeksi (kitabu cha kanuni za jeshi) ya 2015, iliyoipa Wraithcannon nguvu ya D yenyewe, yaani Destroyer. Ilifika inchi 12 tu, lakini dadu ikitoa 6 kwenye jedwali la Destroyer, lililoamua madhara ya pigo, adui hakuruhusiwa kujiokoa kwa njia yoyote. D-scythe, silaha nyingine ya D, ilipunguziwa 1 kwenye dadu hiyo, kwa hiyo pigo hilo la 6 haikulipata kamwe.

Ila angalia unacheza toleo gani la kanuni: jedwali hilo liliondolewa toleo la 8 lilipotoka 2017.