Ini Halisafishwi kwa Juisi

Nina mafuta kwenye ini. Ninywe juisi gani kulisafisha?

Hakuna. Swali hili halichoki kuletwa, na jibu halibadiliki. Mafuta hayo si uchafu wa kusuuzwa; yamo ndani ya seli za ini, na hutoka mwili unapoyatumia. Bilauri ya juisi ni sukari ya matunda matatu au manne iliyoachwa bila nyuzinyuzi zake, na sehemu kubwa ya fruktosi yake, sukari ya matunda, huishia kwenye ini, ambalo huigeuza ziada kuwa mafuta. Kula tunda zima, maji ndiyo ya kunywa. Na hizo "dawa za kusafisha ini", wachana nazo: vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa vimeshawaharibia watu ini lililokuwa na nafuu.

Nipunguze kilo ngapi?

Hesabu kwa asilimia. Mwenye kilo 90 akipunguza 5%, yaani kilo 4.5, mafuta ya ini hushuka. Uvimbe wa ndani ya ini hutaka 7 hadi 10% ili utulie, makovu yake 10% au zaidi. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki yatosha. Anayejishindisha njaa ashuke kilo tatu kwa wiki hujitafutia mawe ya nyongo, na ini lenyewe laweza kuvimba zaidi. Ongeza dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Hata mizani isiposogea, ini hunufaika.

Kahawa je?

Ruksa, bila sukari.

Si mnene wala sinywi pombe. Imekuwaje?

Pima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Wembamba wengi wana kitambi wasichokihesabu. Pima na sukari ya damu. Kisha niambie unakunywa soda kiasi gani: nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari.

ALT yangu, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, ni ya kawaida. Nimepona?

Si lazima. Makovu huweza kuendelea huku ALT imetulia. Mwombe daktari akokotoe FIB-4, alama ya kukadiria makovu ya ini, kwa umri, AST (kimeng'enya kingine), ALT na chembe sahani (zinazogandisha damu). Chini ya 1.3, hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Na usiache statini, dawa za kushusha kolesteroli, eti unalinda ini: wenye ugonjwa huu huuawa zaidi na moyo.