Mikoba kutokana na kanga za bibi

SWALI: Marehemu bibi yangu ameniachia doti mbili za kanga kongwe, ambazo ningependa kuzishona mikoba ya kuwazawadia dada zangu. Kitambaa kimelainika mno, nami ninahofia kukikata. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba. Kabla ya kushika mkasi, inua kanga mbele ya dirisha, kwani sehemu iliyochakaa hupitisha mwanga zaidi, na hapo utajua kipande kinachofaa mkoba na kile cha kubaki kwa ajili ya kipochi. Pamba iliyofuliwa miaka mingi haibebi uzito peke yake. Bandika gamu, yaani kitambaa cha kuimarisha kinachoshikishwa kwa joto, upande wa nyuma kwa pasi, kisha weka bitana ya turubai jepesi ili mzigo uelemee hapo.

Kanga ina pindo (mpaka wa pembeni), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), na kosa kubwa la mafundi ni kuikata kama kitenge, jina likapasuliwa katikati. Pima urefu wa jina kwanza, ndipo uamue upana wa mkoba. Likiwa refu, lizungushe kutoka mbele hadi nyuma. Lisome vizuri pia, kwa kuwa bibi zetu walinunua baadhi ya kanga ili kumjibu jirani, na huenda dada yako asifurahie kupewa kijembe.

Mikanda ikatwe kwenye pindo, upana wa sentimita 10, ikunjwe iwe tabaka nne na kushonwa pamoja na kipande cha turubai ndani yake.