Ndege nyuki na mteremko ulioungua

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu kutoka Soni, wilayani Lushoto. Kikundi chetu kina kitalu cha miche ya miti ya asili. Juu yetu upo mteremko ulioungua moto miaka mitatu iliyopita, mkali kiasi kwamba mtu aliyebeba miche hapandi bila kushika majabali kwa mikono miwili. Kijana mmoja wa hapa, anayerusha ndege nyuki kupiga picha za harusi, anatushauri tuachane na kitalu, mbegu zimwagwe kutoka angani. Je, inawezekana?
Mwenyekiti wa kikundi, Soni

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, inawezekana, lakini kitalu msikifunge. Ndege nyuki huondoa taabu ya kubeba. Taabu ya kuotesha inabaki palepale.

Januari 2024 jiji la Rio de Janeiro, nchini Brazili, ambalo nalo lina vilima visivyopandika kwa urahisi, lilianza kudondosha mbegu kwa ndege nyuki likishirikiana na kampuni ya Morfo, na ilielezwa kuwa ndege moja huweza kudondosha vidonge vya mbegu 180 kwa dakika. Hakuna jembe litakalofikia kasi hiyo. Hata hivyo, katika kazi za namna hii ndege hupita kwanza kupiga picha, ijulikane wapi pana udongo na wapi ni mwamba mtupu. Kazi hiyo ya picha kijana wenu anaiweza. Kumwaga mbegu kunahitaji chombo kikubwa kuliko cha harusini.

Mbegu nayo haitupwi hivi hivi. Hufinyangwa ndani ya kitonge cha udongo wa mfinyanzi na mboji. Nilijaribu mwenyewe, kwa mkono, kwenye ukingo wa bonde moja huko Muheza. Vitonge vya mviringo viliporomoka hadi mtoni, na vichache vilivyonasa kwenye nyasi nilivikuta siku ya tisa vimepasuliwa, maganda ya mbegu yakiwa na alama za meno ya panya. Tangu hapo huvibana viwe bapa kama chapati ndogo na kuvitia unga wa pilipili, ambao hata Marekani umetumika kufukuza wanyama walao mbegu. Vidondosheni masika yakikaribia kuanza, maana vikikaa juani wiki nyingi, wadudu na panya watatangulia mvua.

Kubwa zaidi ni aina ya mbegu. Mshai huota upesi na hustahimili jua, kwa hiyo unafaa kutangulia mahali palipo wazi. Msambu, fahari ya misitu yetu ya Usambara, mbegu yake huchukua miezi mingi ardhini kabla ya kuchipua, na mbegu za miti mingi ya msitu wa mvua hufa zikikauka. Ukizimwaga kutoka angani unawalisha panya. Hizo ndizo za kitalu chenu: zioteshеni huko, kisha miche ipandishwe kidogo kidogo, kwa mgongo, pale mishai itakapokwisha kutia kivuli.

Nawasihi pia msichukue mbegu yoyote kwa sababu tu inaota haraka. Kule Amani, Usambara Mashariki, mti wa mhesi uliletwa kutoka nje ya milima hii, ndege waitwao hondohondo wakala matunda yake na kuzisambaza mbegu, nao ukaenea ndani ya msitu wa asili uliokuwa umekatwa miti. Mche mmoja mbaya shambani utaung'oa. Mbegu elfu moja zilizomwagwa kwenye majabali, nani atazifuata?

Ndege nyuki yenyewe inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kama mteremko huo umo ndani ya hifadhi ya Serikali, onaneni kwanza na Wakala wa Huduma za Misitu. Anzeni na kipande kidogo mnachoweza kukiona kwa darubini kutoka ng'ambo ya bonde, mhesabu miche iliyosimama mwisho wa kiangazi, kisha mtuandikie idadi.