Feni ya Bafu Haijaharibika, Ni Hewa ya Tanga

Vijana mafundi umeme mliotoka chuo cha ufundi cha VETA juzi na mmeanza kupata kazi za nyumba za wageni hapa Tanga, huku Raskazone na Sahare, leo nina maneno nanyi. Nimekuta tena feni ya bafu inanguruma saa nane za usiku, sakafu kavu, hakuna aliyeoga tangu magharibi, na mwenye nyumba anamlaumu fundi. Ni feni yenye humidistati ndani, yaani swichi inayoiwasha feni unyevu wa hewa ukipita kiwango kilichowekwa na kuizima ukishuka. Nyaya zimefungwa vizuri, konekta zimekazwa, breka iko sawa. Kosa lilitangulia nyaya: lilifanyika dukani, siku ya kuchagua. Na kila masika nalikuta hilo hilo.

1. Jueni kifaa hiki kinapima nini.

Humidistati haijui kama mtu ameoga. Inapima mvuke uliomo hewani na kuulinganisha, kwa asilimia, na kiwango cha juu ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba kwa joto lake. Hewa ya nyuzi 30 ikishiba kabisa hubeba kama gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 20 hubeba kama 17. Ya nyuzi sifuri haifiki hata 5. Shikeni namba hizo tatu, kila kitu kinachofuata kinatoka humo.

Nyingi ya feni hizi zilibuniwa kwa bafu la nchi za baridi. Uingereza mwezi wa Januari, hewa ya nje ya nyuzi sifuri ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30. Kwa hiyo feni ikitoa hewa ya bafuni, inayochukua nafasi yake ni kavu, na baada ya muda mfupi kifaa kinasoma chini ya asilimia 65, kiwango kilichowekwa kiwandani, na kuzima. Hesabu hiyo ni sahihi kwao.

Hapa kwetu feni inatoa hewa ya bafuni na inayoingia ni hewa ya baharini, nyuzi 28, unyevu asilimia 80. Hiyo peke yake ina gramu kama 22 kwa mita ya ujazo. Utaivuta mpaka kesho, haishuki 65. Na usiku ndiyo mbaya zaidi, maana joto likishuka asilimia inapanda ingawa mvuke haujaongezeka hata tone. Ndiyo sababu feni huanza kuzunguka yenyewe watu wakiwa wamelala.

2. Kijana wa nyumba ya wageni.

Kuna kijana mmoja, fundi mzuri, mkono wake msafi kuliko wa wengi wenu. Alipewa vyumba vya wageni karibu na ufukwe. Kila bafu lilikuwa na shawa ya maji moto, na mwenye nyumba alikwishanunua feni mwenyewe, za inchi nne, zenye humidistati ya ndani iliyowekwa kiwandani kwenye 65. Kijana akafunga, akawasha, zikazunguka. Akalipwa sehemu ya pesa, akaondoka kwa heshima zote. Ilikuwa masika.

Baada ya siku chache mama mwenye nyumba akapiga simu: feni hazizimi. Kijana akarudi, akafungua moja, akaona kila waya mahali pake. Akaanza kuwaza kwamba sensa imekufa. Angeuliza mtu wakati ule, yangeishia hapo. Lakini mnajua ilivyo, kazi ya kwanza kubwa, hutaki kuonekana hujui. Akaenda dukani akanunua feni nyingine kwa pesa yake mwenyewe, akabadilisha. Ikazunguka usiku kucha vilevile. Akadhani amebadilishana moto wa kudumu (waya wenye umeme wakati wote) na moto wa swichi (waya unaopata umeme taa ikiwashwa), akazigeuza. Sasa ikawa kifaa kinapata umeme taa ikiwashwa tu, na mama akafurahi kwa sababu mchana kuna kimya. Wiki iliyofuata wageni wanaooga asubuhi kwa mwanga wa dirisha wakalalamika kwamba dari la gipsamu linatota na linaanza kuota madoa meusi. Kijana akarudisha nyaya. Feni zikarudi kunguruma. Mama akamwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, na pesa iliyobaki akaizuia.

Aliponiita alikuwa amekonda. Sikugusa bisibisi. Nilitoa kipimo changu kidogo cha unyevu, tukakiweka bafuni juu ya kabati, tukasubiri kitulie. Kikasoma 82. Nikamwambia akichukue yeye mwenyewe akakiweke barazani, kwenye kivuli, mbali na ukuta uliolowa. Akasimama nacho pale anakitazama. Kilipanda taratibu, kikatulia kwenye 84. Nje kulikuwa na unyevu kuliko bafuni.

Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo fundi, feni ilikuwa inafanya ilichoambiwa."

Ndiyo. Feni ile ya kwanza aliyoitoa haikuwa na ugonjwa wowote. Tulifungua kifuniko, tukazungusha kiskrubu cha kurekebisha mpaka karibu na 90, feni ikazima. Tukafungulia maji ya moto, mlango umefungwa, na hazikupita dakika nyingi ikaamka. Tukafunga maji, ikafanya kazi, ikalala. Kijana alicheka mpaka machozi. Ila nikamwambia asishangilie sana, kwa sababu usiku wa mvua ya masika hewa ya nje hufika zaidi ya 90, na kiskrubu hicho hakina mahali pa kukimbilia tena. Mwishowe tulizibadilisha zote zikawa za taima, na mama, nashukuru, alilipa.

Naumia kwa ajili ya ile feni ya pili. Ilitoka mfukoni mwa kijana ambaye hakukosea waya hata mmoja.

3. Basi nunueni nini?

Kwa bafu la kawaida la pwani, lenye dirisha la vioo vya kupandishana au matofali ya matundu, humidistati ya kiwango kimoja haifai. Chukueni feni yenye taima, inayoanza na taa na kuendelea dakika 15 au 20 baada ya taa kuzimwa. Ikiwa mteja anang'ang'ania sensa, tafuteni ile inayosikiliza kupanda kwa ghafla kwa unyevu, si kiwango peke yake. Mtu akifungulia maji ya moto unyevu unaruka ndani ya dakika chache, wakati hewa ya masika hupanda polepole kwa saa nyingi, na sensa hiyo inajua tofauti. Msichukue kamwe isiyo na kiskrubu cha kurekebisha.

Humidistati inafaa mahali pamoja: bafu la ndani ya chumba chenye AC, lisilo na dirisha. Hapo hewa inayoingia chini ya mlango imeshakaushwa na AC, mara nyingi iko kwenye 50 hadi 60, na kuiweka kwenye 75 kunaleta maana. Lakini mwambieni mteja ukweli, kwamba feni hiyo inavuta baridi aliyoilipia, na AC ikizimwa kutwa nzima hewa ya Tanga inarudi na feni itazunguka.

Na ulizeni watu wanaogaje. Nyumba nyingi za Ngamiani watu wanaoga kwa ndoo na kopo, maji ya bomba, hakuna mvuke. Sensa haitagundua chochote. Kazi ya feni pale ni kukausha sakafu na kutoa harufu, na hiyo ni kazi ya taima. Usimuuzie mtu kifaa cha mvuke ambao hana. Feni ya wati 20 ikizunguka saa 24 inakula karibu nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye bei ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sehemu moja ya tano ya umeme wake imekwenda na upepo.

4. Nyaya.

Humidistati au taima lazima ipate moto wa kudumu. Nimeona wengi mnachukua nyaya mbili za taa na kuunganisha L na kile kituo cha tatu kwa kipande cha waya, kisha mnashangaa feni inakufa papo hapo taa ikizimwa. Pelekeni nyaya tatu: moto wa kudumu kwenye L, nyutro kwenye N, na moto wa swichi kwenye kituo cha tatu, ambacho huandikwa SL, LS au T kutegemea mtengenezaji. Feni nyingi za plastiki hazihitaji ethi, ila waya wa ethi upelekeni hata hivyo, uishie salama kwenye konekta yake.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini. Moto wa kudumu na moto wa swichi vitoke kwenye sakiti moja ya taa. Msiibe moto wa kudumu kwenye soketi ya chumbani kwa sababu iko karibu. Kwanza nyutro ikirudi kwa njia nyingine RCD, ile swichi inayokata umeme unapovuja, itakata kila feni inapowaka na mtaitafuta hitilafu mpaka usiku. Pili, na hili ndilo linaloua, nyumba yenye fezi tatu taa zinaweza kuwa fezi moja na soketi fezi nyingine. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Mnaziweka kwenye sakiti bodi ndogo iliyotengenezwa kwa 230, ndani ya boksi ambalo fundi mwingine atalifungua akiamini amezima breka, kumbe amezima moja kati ya mbili.

Kwa sababu hiyo hiyo wekeni aisoleta, yaani swichi ya kutenga feni na umeme, inayokata nyaya zote tatu kwa pamoja, nje ya bafu, juu ya mlango. Ya nyaya mbili inaacha moto mmoja hai. Fyuzi ya ampea 3 inatosha kwa feni hizi. Na tesita ya bisibisi isiwadanganye: kabla ya kugusa, pimeni kwa mita, moto kwa nyutro, moto kwa ethi, na moto kwa moto.

Kuhusu maji: bafu zetu nyingi hazina trei, sakafu ni moja na shawa iko ukutani. Pimeni mita 1.2 kutoka kwenye shawa pande zote, hadi urefu wa mita 2.25 kutoka sakafuni. Ndani ya eneo hilo feni iwe angalau IPX4, yaani inayostahimili maji ya kurushiwa, na sakiti iwe na RCD ya miliampea 30. Na asiye na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afanye kazi chini ya mwenye nayo.

5. Mengine kwa haraka.

Kujua ukubwa wa feni, chukua ujazo wa bafu zidisha kwa 8: la mita 2 kwa 1.8 lenye dari la mita 2.7 linataka feni inayotoa hewa kama mita 78 za ujazo kwa saa. Acheni milimita 10 chini ya mlango, feni haivuti hewa isiyoingia. Tumieni bomba gumu la inchi nne badala ya lile la kukunjika, na mliinamishe kidogo kuelekea nje. Tundu la nje msilielekeze kusini mashariki, upepo wa kusi utasukuma kifuniko na mvua iingie. Humidistati ya ukutani ikae juu, mbali na dirisha, wala isiwe juu ya shawa. Chumvi ya bahari inakula skrubu za chuma, tumieni za chuma cha pua kisichoshika kutu.

6. Nunueni kipimo cha unyevu, na mkihakiki.

Vipimo vidogo vya bei rahisi vinadanganya, lakini vinadanganya kwa kiasi kilekile, kwa hiyo ukishajua uongo wake unaweza kukitumia. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Weka kizibo cha soda ndani, kijaze chumvi safi ya mezani, siyo ile ya mawe ya kuchota kwenye mashamba ya chumvi, maana ina madini mengine yanayovuta maji zaidi. Dondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi ilowe yote bila kuyeyuka. Weka kipimo kando yake bila kugusana, funga, acha mpaka asubuhi mahali pasipo jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, andika nyuma yake kwa kalamu ya wino "ongeza 5".

Siku ya kukabidhi kazi, pima kwanza barazani, kisha bafuni. Fungulia maji ya moto mpaka kioo kipate ukungu, washa taa, sikiliza feni. Zima taa, toka nje, kaa na mwenye nyumba. Dakika za taima zikiisha na feni ikanyamaza yenyewe, mwoneshe aisoleta iko wapi, kisha mwombe pesa iliyobaki.