Miaka sita bandarini bado karani, nihamie Dar?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa miaka 29 naishi Mwanga hapa Kigoma, nipo kampuni ya klaringi bandarini, hawa wanaowatolea watu mizigo forodhani, niliingia kama karani na huu mwaka wa sita bado karani. Kila nikiuliza bosi anasema vumilia nafasi yako inakuja, alafu ikitokea analetwa mtu kutoka Dar, na huyu wa mwisho nimemuelekeza kazi mimi mwenyewe leo ndio namuomba ruhusa. Sina cha ajabu, nina fomu foo na kuongea Kiha na wateja wa Burundi basi. Niache kazi nihamie Dar au niendelee kusubiri?
Karani, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, hilo la kumuelekeza mtu kazi alafu akawa juu yako linauma. Lakini hebu niambie, bosi ulishamtajia unataka nafasi gani? Barua nzima umeandika nafasi nafasi hujaitaja hata moja, na yule ana mizigo ya watu kichwani, hawezi kukaa akupangie na maisha yako. Kamuone siku imetulia, sio meli iko gatini watu wanakimbizana, mwambie nataka kuwa mtu wa deklaresheni, yule anayeandaa makaratasi ya forodha ya mzigo, nakosa nini? Akikujibu andika, akikwepa basi umeshajua hapo hamna njia, anza kuulizia kampuni nyingine taratibu ukiwa bado na mshahara.

Mimi nahisi kinachokubana ni karatasi. Kuna kile cheti cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, Chuo cha Kodi cha TRA kule Dar wanakitoa, na watu wa klaringi wote wanakijua. Pita ofisi ya TRA hapo hapo Kigoma uulize wanaanza lini, ada ngapi, na fomu foo yako inatosha au uongeze kitu kwanza. Pesa anza kuiweka pembeni mwenyewe, kampuni ikija kukuchangia sawa, ila usikae unawasubiri wao.

Sasa hilo la Kiha umeliandika kinyonge na mimi ndio nimeliona kubwa kuliko yote. Mizigo ya hapo inavuka ziwa kwenda Bujumbura, Uvira, Kalemie, Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, mteja akikasirika mzigo umekwama anamtafuta nani kama sio wewe? Ongeza Kifaransa, cha kusoma makaratasi na kuongea na simu tu kwa kuanzia, hao Wakongo na Warundi unaoshinda nao ndio walimu, wewe lipia soda. Na kuanzia mwezi huu andika kwenye daftari mzigo gani ulikwama na uliukwamua vipi, maana sivii yako sasa hivi naamini imeandikwa karani, nukta, miaka sita yote imeishia hapo.

Dar nenda kusoma. Kuhamia bila cheti utaanza ukarani upya, tena kule unalipa kodi ya chumba na Kiha chako hakina mteja.

Na huyo aliyeletwa usimnunie, mwombe akuonyeshe mfumo wa forodha jioni mkishamaliza kazi, na wewe mpeleke mwaloni Kibirizi ukamtambulishe kwa wenye maboti, wale yeye hawajui.