Upepo wa pembeni na glaida: jibu kwa kijana wa Nyegezi

Mdogo wangu, umeuliza kama upepo wa pembeni utakusumbua ukienda Ujerumani kujifunza kurusha ndege ya glaida. Utakusumbua, maana glaida haina injini ya kukupaisha tena ukikosea. Umeshaona mtumbwi ukivuka ziwa kwenda Kamanga, pua imeelekezwa upepo unakotoka? Ndivyo utakavyokuja kutua. Ila kabla gurudumu halijagusa, inyooshe ndege kwa pedali za miguuni ifuate mstari wa kiwanja. Ikigusa imekaa upande, ncha ya bawa inaweza kunasa kwenye nyasi ndefu, ndege ikazunguka na mkia ukavunjika. Upepo wa noti 20 (noti ni kipimo cha kasi) unaokuja kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa kiwanja unakusukuma pembeni kwa noti 10. Na usiachie usukani mpaka isimame kabisa. Wengi hulegea mapema hapo.