Maswali ya Wasomaji: Mashine Inachemsha Nikiongeza Mwendo

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nina boti ya mbao ya futi 32 niliyorithi kwa marehemu baba, yenye mashine ya ndani ya dizeli iliyozidi miaka 25. Nikitoka Wete kwa mwendo wa pole joto hutulia, lakini nikishapita kisiwa cha Fundo na kuongeza moto, baada ya dakika 20 mshale hukaribia alama nyekundu, na nikipunguza hushuka. Nimebadilisha impela (gurudumu la mpira lenye ndimi) ya pampu ya maji ya chumvi, na kwa ushauri wa wenzangu nimeitoa thamostati (vali inayofunguka maji yakipata joto), lakini hali ni ile ile. Je, silinda hedi (kifuniko cha juu cha mashine) imepasuka? – Msomaji, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, nahodha. Hedi iache kwanza. Ingekuwa imepasuka, aghalabu ungeona maji matamu, yale yanayozunguka ndani ya mashine, yakipungua tangini bila kuvuja, au mapovu ndani yake, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, na hukutaja hata kimoja. Mashine inayotulia kwa mwendo mdogo na kuchemsha kwa mwendo mkubwa kwa kawaida hulalamikia uchache wa maji ya chumvi, kwa hiyo yafuate maji hayo tangu yanapoingia hadi yanapotoka.

Ulipoitoa impela ya zamani, je, ulihesabu ndimi zake? Ndimi za mpira zikikatika hazipotei. Huchukuliwa na maji hadi kwenye mdomo wa kipoozeo, yaani lile kasha la vijibomba ambamo maji ya chumvi huyapoza maji matamu, na huko hukaa hata ukitia impela mpya kila mwezi. Mimi nimewahi kuchomoa ndimi tatu kwa koleo katika mashine ambayo mwenyewe alikuwa ameshanunua pampu nzima. Fungua kifuniko cha kipoozeo, mashine ikiwa imepoa kabisa, uangalie pia vipande vya zinki iliyolika na ukoko wa chumvi.

Baada ya hapo rudi chini, kwenye vali na chujio maji ya chumvi yanapoingilia, ambako chaza wadogo na majani hupenda kujibanza. Mpira wa kuvutia maji nao una hila yake: ukizeeka hulainika, na pampu ikivuta kwa nguvu hunywea kama mrija unaofyonzwa, ilhali mashine ikizimwa hujaa tena na kuonekana mzima. Mwambie kijana aongeze moto boti ikiwa imefungwa gatini, nawe uutazame bila kusogeza mikono kwenye mikanda.

Mwisho wa njia ni kiwiko cha bomba la moshi, mahali ambapo maji huchanganyika na moshi. Katika mashine ya umri huo masizi na chumvi huganda humo hadi tundu likabaki dogo sana, kwa hiyo kifungue ukitazame ndani, kwani kwa nje hakisemi kitu. Ukiona mvuke mwingi na maji machache yakitoka nyuma, ningeanzia hapo.

Thamostati irudishe. Katika mashine nyingi ndiyo inayoziba njia ya mkato, na isipokuwepo sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye kipoozeo. Kuijaribu ni rahisi: itie katika sufuria ya maji yenye kipimajoto, uyachemshe taratibu, uone kama inafunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake.

Chini ya boti pia pana maneno, kwani tumbo lenye chaza na rafadha yenye uchafu huilemea mashine ikachemsha hata kama maji yanatosha. Ingojee bamvua, uipandishe pwani, ukwangue na kupaka upya. Ukishamaliza yote hayo na mshale bado unapanda, hapo ndipo umwite fundi aipime hedi.